Usikimbilie Dirishani

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, watu waliokuwa maofisini katikati ya Nairobi walisikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Washambuliaji waliofika na gari nyuma ya ubalozi wa Marekani walikuwa wamewarushia walinzi guruneti, na wengi waliosikia wakafanya kile ambacho karibu kila binadamu hufanya: waliinuka vitini wakaenda dirishani kuchungulia. Sekunde chache baadaye bomu lenyewe likalipuka. Watu 213 walikufa Nairobi, maelfu wakajeruhiwa. Wapo waliopoteza macho kwa vioo vya madirisha waliyokuwa wameyasogelea.

Februari 15, 2013, kimondo kilipasuka angani juu ya eneo la Chelyabinsk, Urusi. Mwanga ukamulika mji mzima, watu wakajazana madirishani kutazama moshi. Wimbi la mlipuko lilichukua zaidi ya dakika mbili kuwafikia, na lilipofika lilikuta nyuso zimebandikwa kwenye vioo. Takriban watu 1,500 walihitaji matibabu, wengi kwa kukatwa na vioo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliwaamuru wanafunzi wake waingie chini ya madawati; watoto wakatoka salama, yeye aliyebaki amesimama akajeruhiwa. Kisha Beirut, Agosti 4, 2020: ghala linawaka bandarini, watu wanarekodi kwa simu kutoka roshani na madirishani, na tani 2,750 za amonia nitrati zinalipuka mbele yao.

Gaidi, mwamba wa angani, mbolea iliyosahauliwa ghalani: visababishi vitatu visivyohusiana, jeraha moja. Sababu yake ni ya kifizikia. Shinikizo linalotosha kuvunja kioo cha kawaida ni dogo mno kuliko lile linalopasua ngoma ya sikio, kwa hiyo eneo ambalo vioo vinaruka huwa kubwa mara nyingi kuliko eneo ambalo mlipuko wenyewe unaua. Mwanga hufika papo hapo. Wimbi huja nyuma kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti, yaani kama mita 340 kwa sekunde. Ukiuona mwako umbali wa kilomita moja, una takriban sekunde tatu. Zinatosha kulala sakafuni na kulipa dirisha kisogo. Zoezi hilo halina gharama, na mtoto wa darasa la pili analiweza.

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Tukizungumzia ugaidi tunauliza nani na kwa nini, maswali ambayo polisi na mahakama wanalipwa kuyajibu. Mwenye nyumba anahitaji kujua ni nini kinachoweza kumdhuru akiwa jikoni kwake, na kwa uwezekano gani. Akipima hivyo, maandalizi yake yatakuwa madogo na yatamfaa karibu kila siku ya mwaka.

Maandalizi yaliyopita kiasi nayo huumiza. Wakati wa Vita vya Ghuba mwaka 1991, wananchi wa Israel waligawiwa barakoa za gesi na sindano za atropini, dawa ya kukabili sumu za neva. Makombora ya Iraq yaliyowaangukia hayakubeba kemikali. Hata hivyo, zaidi ya watu 200 walifikishwa hospitalini kwa kujidunga atropini bila haja, na wengine walikosa hewa wakafa wakiwa wamevaa barakoa, kwa sababu hawakuondoa kizibo cha kichujio. Sijasikia hoja bora zaidi ya kutonunua kifaa usichofanyia mazoezi.

Turudi jikoni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ndio kemikali hatari iliyo karibu nawe zaidi. Gesi ya kupikia huanza kushika moto ikifikia asilimia 2 hivi ya hewa, na kilo moja ikivuja hugeuka kuwa karibu nusu mita ya ujazo. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita mbili na nusu kina mita za ujazo zipatazo 22, kwa hiyo kilo moja tu inatosha kukifanya chote kiwe bomu. Hata chini ya hapo ni hatari, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza na uvunguni mwa kitanda. Ukisikia harufu, usiwashe taa, na iliyowaka usiizime, kwa kuwa swichi hutoa cheche kote kuwili. Funga mtungi ikiwa unaufikia, fungua mlango, toa watu, piga simu ukiwa nje. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungio na mpira. Likitoa mapovu, panavuja. Usiku wa Februari 1, 2024, pale Embakasi, Nairobi, gesi iliyolipuka kwenye kituo cha kujazia mitungi katikati ya makazi iliwajeruhi zaidi ya watu 200. Povu la sabuni lisingewasaidia hao. Wao walihitaji serikali inayofunga vituo vya namna hiyo.

Mvuke wa petroli nao hutambaa chini, tena mbali, kutafuta moto. Ndivyo walivyokufa watu zaidi ya 100 Sachang'wan, Kenya, mwaka 2009, na takriban idadi hiyo Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, wakichota mafuta ya lori lililopinduka.

Ikiwa ni wingu la sumu, kama klorini kutoka mtambo wa kusafishia maji, nenda upande unakotoka upepo. Usipoweza, ingia ndani, funga madirisha, zima feni, ziba chini ya mlango kwa taulo mbichi, na panda ghorofani kama ipo. Usiwashe jiko la mkaa humo ndani. Wingu likishapita fungua kila kitu, kwa sababu sumu iliyopenya sasa imenaswa pamoja nawe.

Baada ya magaidi kumwaga sarini, sumu ya neva, kwenye treni za Tokyo, Machi 20, 1995, hospitali moja ilipokea zaidi ya watu 600 siku hiyo, wengi wakifika kwa miguu au kwa teksi. Hawakuvuliwa nguo mlangoni, na mvuke uliotoka kwenye makoti yao ukawapata wauguzi. Kuvua nguo za nje huondoa sehemu kubwa ya uchafu wa kemikali. Shati la kuvulia kichwani likatwe kwa mkasi, lisipitishwe usoni. Kisha maji na sabuni.

Malori yanayobeba kemikali huwa na kibao cha rangi ya machungwa chenye namba ya tarakimu nne chini: 1203 ni petroli, 1075 gesi ya kupikia, 1017 klorini. Ukipiga 114 kwa zimamoto wa Tanzania, au 999 Kenya, wasomee namba hiyo. Kama haisomeki kutoka ulipo, waambie tu lori liko wapi na upepo unavuma kuelekea wapi, nawe uzidi kurudi nyuma.