Gogo na Kigogo

Mtu wa Kichiwa, wilayani Njombe, anakua akiona miti ikipandwa kama wengine wafugavyo ng'ombe: ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari, ndiyo bati la nyumba. Kuna misonobari, kuna milingoti, ndivyo tuitavyo mikaratusi, na kuna miwati, ambayo kampuni ya TANWAT ilianza kuilima Njombe mwaka 1949. Si ajabu basi kwamba watu nao tunawasema kwa miti.

Kijana mrefu mwembamba ni mlingoti. Beki asiyepitika ni kisiki, na akizidi ni kisiki cha mpingo, ingawa mpingo wenyewe hauoti kwenye baridi yetu. Ukoo una shina na matawi, mtoto ni chipukizi.

Neno linalouma ni gogo. Asubuhi moja ya ukungu nilimsikia mama akimkaripia mwanawe jikoni: "We, umekaa kama gogo, moto unazimika!" Mtoto aliinuka, akapuliza moto, macho chini, hakusema neno mpaka uji ukaiva. Gogo ni mti ulioangushwa ukapogolewa; hausogei mpaka watu wausukume. Wakantoni wa Guangzhou na Hong Kong wamefika papo hapo kwa njia yao. Neno lao muk ni mti ule wa kuchongea, kama sisi tusemavyo kijiko cha mti. Na mtu asiyeonyesha hisia humsema ana mdomo wa mti na uso wa mti.

Lakini hebu tangulizeni ki-. Kiambishi hiki hudogosha, kilima ni kidogo kuliko mlima, ila kigogo ni mkubwa wa serikali, wa chama au wa fedha. Hata sarufi inamwinukia: "kigogo kimeanguka" ni habari ya shambani, "kigogo ameanguka" ni habari ya gazetini. Mkubwa amepewa u-mtu ndani ya kitenzi. Mtoto wa jikoni hakupewa hata ki-. Yeye aliachiwa gogo lenyewe, zito, lisilo na uhai.

Hilo ndilo linalonisumbua, kwa kuwa kati ya hao wawili, anayekua bado ni mtoto. Mzazi mwenzangu, kesho moto ukizimika, mwite kwa jina lake.