Wakusanyaji wa Hadithi za Wayahudi



Hapa Bugarama, siku ya soko, mtu husikia Kinyarwanda, Kiswahili, Kirundi na lugha za ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Rusizi kabla hajamaliza kununua mchele wake. Kila lugha ina hadithi na mashairi yake, na mengi hukaa vichwani mwa wazee. Je, wazee wakiondoka, hadithi zitakaa wapi? Nimesoma habari za watu waliolijibu swali hili kwa taabu kubwa, yaani Wayahudi. Nataka kuwaeleza jinsi walivyoijengea nyumba fasihi yao.

Wayahudi walitawanyika duniani kwa karne nyingi. Waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 waliendelea kusema Kiladino, chenye asili ya Kihispania. Wale wa Ulaya ya Mashariki walisema Kiyidishi, lugha yenye asili ya Kijerumani iandikwayo kwa herufi za Kiebrania. Kabla ya vita vya mwaka 1939, wasemaji wa Kiyidishi walikuwa kama milioni 11. Mwandishi wao mashuhuri, Sholem Aleichem (1859–1916), aliandika hadithi za Tevye muuza maziwa, maskini mwenye mabinti wengi na maneno mengi kuliko fedha. Hata hivyo wako walioidharau lugha hiyo, wakidai kuwa ni ya jikoni na sokoni tu. Maneno ya namna hiyo si mageni masikioni mwetu.

Mwaka 1925 wataalamu walianzisha chuo cha utafiti kiitwacho YIVO katika mji wa Vilna, ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Lakini wataalamu walikuwa wachache, na vijiji vilikuwa vingi. Basi wakawaomba watu wa kawaida wawasaidie. Aliyefanya kazi hiyo aliitwa zamler, maana yake mkusanyaji. Zamler aliketi na wazee wa kwao, akaandika hadithi, nyimbo na methali, kisha akazipeleka Vilna.

Mwaka 1941 Wanazi waliuteka mji huo. Waliwaua Wayahudi, tena wakavitaka na vitabu vyao: vichache vipelekwe Ujerumani, vilivyobaki vikasagwe viwandani. Wakawalazimisha Wayahudi wasomi kuvichambua wenyewe. Miongoni mwao walikuwamo washairi wawili, Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski. Jioni, waliporudi mahali walipofungiwa, watu hao walificha vitabu na karatasi ndani ya nguo zao, ingawa walijua kwamba anayekamatwa aweza kuuawa. Wengi wao hawakuiona siku ya ukombozi. Mji ulipokombolewa mwaka 1944, washairi hao wawili walirudi wakafukua vilivyozikwa. Lakini wasomaji walikuwa wapi? Wayahudi kama milioni 6 waliuawa katika Ulaya, na wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiyidishi.

Hatari ya pili ilikuja bila bunduki. Waliohamia Marekani walikwenda na vitabu vyao, lakini wajukuu wao walisoma Kiingereza. Mzee alipokufa, vitabu vyake vilitupwa, si kwa chuki, bali kwa sababu hakuna nyumbani aliyejua kuvisoma. Mwaka 1980 kijana wa miaka 24, Aaron Lansky, alianza kuviomba. Wakati ule wataalamu walidhani kwamba vilivyobaki ni kama 70,000 tu. Yeye na wenzake, ambao nao waliitwa zamler, wamekwisha kukusanya zaidi ya milioni moja! Mara nyingi wazee hawakuvitoa upesi. Mgeni alitakiwa kwanza aketi, ale, asikilize habari za kitabu kimoja kimoja, ndipo akabidhiwe.

Leo vitabu hivyo vina nyumba katika mji wa Amherst, Marekani. Vitabu zaidi ya 11,000 vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ili mtu ye yote mwenye intaneti avisome bila malipo. Tena wafasiri hufundishwa huko, kwa kuwa kitabu kisicho na mfasiri ni kama nyumba isiyo na mlango.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali tu. Mwaka 1938 mtoto wa Kiyahudi, Stefanie Zweig, alikimbia Ujerumani pamoja na wazazi wake wakaja Kenya, wakakaa mpaka mwaka 1947. Mwaka 1995 alitoa riwaya kwa Kijerumani, Nirgendwo in Afrika, na ndani yake mna maneno ya Kiswahili aliyoyasikia utotoni. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Basi Kiswahili nacho kina kiti katika fasihi ya Wayahudi.

Nasi Wanyarwanda twajua maana ya kupotelewa na wasimulizi. Mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Editions Bakame ilianzishwa ili kuwachapishia watoto vitabu kwa Kinyarwanda. Bakame ni yule sungura mjanja wa hadithi zetu. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Lakini sheria haiandiki hadithi. Watu ndio huziandika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo naomba likizo ijayo kila mmoja wetu awe zamler. Chukua daftari, uende kwa bibi au babu, umsikilize mpaka mwisho. Andika kwa lugha ile ile aliyoitumia, wala usimsahihishe. Andika na jina lake, kijiji chake na tarehe. Tukirudi shuleni tutaziweka pamoja katika maktaba, rafu moja tu kwa kuanzia. Nanyi mliokwisha kumaliza, mlio Kamanyola, Bukavu, Kigali au mbali zaidi, daftari zenu twazingoja.