Pikipiki Inayotikisa Usukani

Nyalikungu ni kata iliyo katika mji wa Maswa, mkoani Simiyu. Kutoka Maswa hadi Bariadi ni kiasi cha kilomita 50, na barabara ni ya lami. Lakini njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo. Pikipiki hutumia njia zote mbili. Hupita kwenye mashimo ya vijijini zikibeba abiria, pamba, mpunga na madumu ya maji. Kisha huingia kwenye lami na kukimbia.

Katika njia ya udongo mwendo ni mdogo, na kila kitu hutikisika. Kwa hiyo ugonjwa wa pikipiki hujificha. Kwenye lami hujitokeza. Dereva akifikia mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, usukani huanza kucheza kushoto na kulia. Akipuuza, anaweza kuanguka yeye na abiria wake.

Mwenye pikipiki kuukuu husema, "Shokapu za mbele zimekufa." Hununua mpya, na bado pikipiki inatikisika. Fedha zimekwenda na hatari imebaki. Ni vizuri kutafuta chanzo kwanza, kisha kununua kifaa.

Kwa nini usukani hutikisika?

Gurudumu la mbele limewekwa ili lijinyooshe lenyewe. Likigonga jiwe na kupinda kidogo, hurudi katikati. Kama kuna kitu kimelegea, hurudi na kupitiliza upande wa pili. Kisha hurudi tena na kupitiliza tena.

Fikiri juu ya bembea ya mtoto. Ukiisukuma kidogo kidogo kwa wakati wake, huzidi kwenda juu. Kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa, gurudumu la pikipiki ndogo huzunguka karibu mara 10 kila sekunde. Kama rimu imepinda, usukani husukumwa karibu mara 10 kila sekunde. Ndiyo maana mtikisiko huja kwenye mwendo fulani, na mwendo ukibadilika hupungua.

Mitikisiko ni ya aina mbili

Aina ya kwanza, usukani hutetemeka upesi upesi. Mara nyingi chanzo kiko mbele. Aina ya pili, pikipiki nzima huyumba polepole kama samaki anayeogelea. Mara nyingi chanzo kiko nyuma, au ni mzigo. Mikono huhisi ugonjwa mbele, kumbe ugonjwa uko nyuma.

Usiachie usukani barabarani ili kujaribu. Kagua pikipiki ikiwa imesimama.

Jinsi ya kukagua

Anza na mambo yasiyo na gharama kubwa. Rekebisha jambo moja, kisha ujaribu kwa mwendo mdogo bila abiria. Ukibadili mambo matano kwa pamoja, hutajua lipi lilikuwa chanzo.

1. Upepo. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha pikipiki. Upepo mdogo huifanya tairi iyumbe.

2. Mzigo. Gunia likikaa nyuma sana kwenye keria, gurudumu la mbele huwa jepesi. Halishiki barabara vizuri. Sogeza mzigo mbele, uushushe chini, na uufunge imara. Kama mzigo bado ni mkubwa, upunguze.

3. Tairi. Tazama kama imelika upande mmoja au imevimba. Hakikisha imekaa sawasawa kwenye rimu pande zote.

4. Rimu na spoku. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Mwenzako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Shika kijiti karibu na rimu, kisha zungusha gurudumu. Rimu nzuri hupita karibu na kijiti kwa nafasi ileile. Ikipishana zaidi ya milimita 2, mpelekee fundi ainyooshe. Gonga spoku moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia vizuri. Iliyolegea hutoa sauti nzito.

5. Beringi za gurudumu. Shika tairi juu na chini, usukume na kuvuta. Ukisikia mchezo, beringi zimekwisha.

6. Gololi za usukani. Gurudumu likiwa juu, shika shokapu zote mbili kwa chini. Vuta mbele, sukuma nyuma. Ukisikia "ko, ko", usukani umelegea. Kisha zungusha usukani polepole kushoto na kulia. Kama unanasa katikati, mashimo ya barabarani yamechimba vikombe vya gololi. Kukaza hakutaponya. Vikombe na gololi vibadilishwe. Tena, usikaze kupita kiasi, maana usukani mzito pia huifanya pikipiki iyumbe.

7. Shokapu. Tazama kama zinavuja oili, au kama moja ni laini kuliko nyingine.

8. Nyuma. Inua gurudumu la nyuma. Lishike na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, beringi zake au bushi za mkono unaolishika zimekwisha. Tazama pia alama za kukazia cheni. Ziwe sawa kushoto na kulia. Zisipokuwa sawa, gurudumu limekaa upande.

Ukipatwa njiani

Usishtuke. Usikamate breki ya mbele kwa nguvu. Shika usukani imara, lakini usiukaze mikono. Inama mbele kidogo. Achia mafuta polepole, mwendo upungue wenyewe. Mwambie abiria atulie. Kisha toka barabarani na ukague.

Pikipiki iliyotikisika leo itatikisika kesho, pengine ikiwa imembeba mama na mtoto. Usimpakie mtu kabla chanzo hakijapatikana na kurekebishwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ugonjwa wa pikipiki hujificha kwenye njia ya udongo?
2. Mzigo uliokaa nyuma sana huleta hatari gani?
3. Utajuaje kuwa vikombe vya gololi vimechimbika?
4. Tazameni pikipiki moja kijijini kwenu. Ikagueni kwa hatua hizi 8, na mwandike mliyoyaona.