Shavu jekundu si dalili ya utamu

Msimu wa maembe ukipamba moto, wachuuzi huyapanga mekundu mbele na ya kijani nyuma, na wanunuzi nao hufuata rangi. Wengi huishia kununua uchachu. Wekundu wa embe huletwa na jua linalopiga ganda, na huweza kuonekana tunda lingali changa. Embe la aina ya Keitt, kwa upande mwingine, huiva barabara huku ganda lake likibaki kijani sehemu kubwa. Ngowe, embe refu la pwani ya Kenya, hugeuka manjano iliyokolea. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama embe limeiva, uliza ni la aina gani.

Aina ndiyo huamua nyuzi, harufu na unene wa ganda. Tommy Atkins, yenye asili ya Florida, ina ganda gumu linalostahimili safari, na wafanyabiashara wa nje wakaipenda kwa hilo. Mlaji ana haki ya kununa: nyuzi zake hukwama menoni, na kwa ladha haiifikii Kent hata kidogo.

Hata hivyo, aina nzuri huharibiwa na mchumaji mwenye haraka. Embe likiwa mtini hujiwekea wanga. Likishachumwa, gesi ya ethilini inayotolewa na tunda lenyewe huchochea mabadiliko: wanga hugeuka sukari, uchachu hupungua, nyama hulainika, harufu hutoka. Lakini likishatengana na mti halipati tena chakula. Lililochumwa kabla ya kupevuka litanywea ganda na kulainika, utamu usionekane. Kulivundika huharakisha kuiva tu. Hakuongezi akiba ya wanga. Kabidi ya kuivishia matunda nayo hairekebishi kitu, tena ile ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki.

Mchumaji mzoefu hutazama mabega ya tunda: yakiinuka kupita pale kikonyo kinaposhika, na mashavu yakajaa, limepevuka. Akiwa na shaka hukata moja aone kama nyama iliyo karibu na kokwa imeanza umanjano. Wengine hutumia ndoo ya maji, kwani kwa kawaida lililopevuka huzama na changa huelea.

Kungoja mno nako kuna hasara. Baadhi ya aina, Tommy Atkins ikiwemo, huanza kuharibika ndani, kuzunguka kokwa, nje kukiwa safi. Na kadiri tunda linavyokaribia kuiva mtini ndivyo linavyomvutia nzi wa matunda, hasa Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, ambaye hutaga mayai chini ya ganda. Anayepeleka mzigo mbali kwa meli hulazimika kuchuma mapema kuliko anayeuza soko la jirani, mradi tunda liwe limepevuka. Wote wawili waache kipande cha kikonyo, maana utomvu ukimwagikia ganda huliunguza.

Nyumbani, usiliweke kwenye friji embe ambalo bado gumu. Baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hivi hulidumaza, likabaki na madoa na ladha ya maji. Liache mezani mpaka linukie, ndipo ulipoze.