Trebo Inayouza Spika

Spika mbili zikishindanishwa dukani kwa dakika chache, aghalabu ile iliyopandishwa kidogo trebo, yaani sauti nyembamba za juu, ndiyo huteka sikio. Matoazi yanang'ara, pumzi ya mwimbaji inasikika, na mnunuzi anaamini amegundua kitu ambacho spika ya pili imekificha. Mara nyingi hakuna kilichofichwa: zimeongezwa desibeli 2 au 3 juu ya kilohezi 5, basi. Akifika nyumbani, saa moja haiishi kabla kila “s” haijaanza kumchoma.

Spika za mamilioni nazo zina tabia hii. Bei haizuii kitu.

Tabia hii huonekana kwenye mwitikio wa masafa, yaani mchoro unaoonyesha spika inapaza sauti zipi na kufifisha zipi, kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Hupimwa katika chumba kisicho na mwangwi. Floyd Toole, aliyekuwa mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwasikilizisha watu spika bila kuziona, akachapisha matokeo mwaka 1985 na 1986. Zilizopendwa zaidi zilikuwa na mstari ulionyooka, usio na vilima wala mabonde makubwa.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Spika hiyohiyo iliyonyooka, ukiipima sebuleni, mstari wake huteremka polepole kuelekea kwenye trebo. Besi husambaa pande zote na kurudishwa na kuta. Trebo huelekea zaidi mbele, tena zulia na makochi huimeza. Sikio huona hali hiyo ni ya kawaida. Anayenunua maikrofoni ya kupimia, kisha akaunyoosha mstari kwa ekwalaiza palepale kwenye kiti chake, anajitengenezea makelele, na atadai vipimo vinamuunga mkono.

Kuna pia trebo isiyoonekana kwenye mchoro uliopimwa kwa mbele. Wufa (kipaza besi) ya inchi 6 ikikaribia kilohezi 2 huanza kubana sauti yake. Twita (kipaza trebo) ndogo inapoipokea, hutawanya kwa upana. Sauti hiyo ya pembeni hugonga ukuta na kumrudia msikilizaji. Katika sebule ya vigae na kuta tupu, kugeuza spika zisikutazame hakutoshi. Zulia nene litasaidia zaidi.

Dukani, omba spika zote zisawazishwe ukubwa wa sauti kwanza. Moja ikizidi nyingine hata kwa desibeli 1, iliyo juu itaonekana bora, na muuzaji mzoefu analijua hilo.