Kaunti Isiyo na Bahari

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo tunakwenda Uingereza, nchi iliyozungukwa na maji karibu pande zote. Lakini kaunti yake moja, Derbyshire, haigusi bahari hata kidogo. Kijiji chake cha Coton in the Elms ndicho kilicho mbali na pwani kuliko vyote nchini: yapata kilomita 113! Mtasema watu wa huko na maji wapi na wapi? Ngojeni kwanza.

Kijijini Tissington, kila mwaka ifikapo sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, watu huvipamba visima vyao. Hutandaza udongo mbichi juu ya mbao, wakachora picha, kisha wakaitia rangi kwa kubandika petali za maua, majani na mbegu, kimojakimoja. Baada ya wiki hivi yote yamenyauka. Mwakani wanaanza upya.

Cromford nako, mwaka 1771, Richard Arkwright, aliyewahi kuwa kinyozi, alijenga kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba. Umeme haukuwapo, mashine ziliendeshwa na gurudumu lililozungushwa na maji. Watu walifanya kazi kwa zamu, usiku na mchana, na wengi wao walikuwa watoto. Ndiyo, watoto kama ninyi!

Sasa twendeni Ashbourne tukacheke kidogo. Jumanne inayotangulia Kwaresima, na kesho yake Jumatano ya Majivu, mji mzima hucheza mpira. Madukani madirisha huzibwa kwa mbao. Aliyezaliwa kaskazini ya kijito cha Henmore yuko timu hii, wa kusini timu ile. Magoli yameachana kama kilomita tano, na mamia ya watu husukumana barabarani, mashambani, hata ndani ya maji ya baridi kali. Mpira wenyewe umeshindiliwa gome jepesi, lile la kutengenezea vizibo, ili ukitumbukia kijitoni uelee. Ni marufuku kuupakia garini au kuuficha ndani ya begi. Ili ufunge, lazima uugonge mara tatu kwenye jiwe la kinu lililopo golini.

Mfungaji hapewi kombe wala fedha. Hupewa mpira uleule, ukapakwa rangi upya na kuandikwa jina lake, akae nao nyumbani maisha yake yote.