Maji Yakija Usiku: Karatasi Kwanza

MTANGAZAJI: Leo tuko Kabalagala, Kampala, na nazungumza na wewe uliyepanga chumba kule chini, karibu na mtaro.

Mafuriko ya hapa si ya mto unaopanda siku tatu huku watu wakiutazama. Mvua inapiga Muyenga, kilima kimejaa mabati na lami, maji hayana pa kuzama. Muda mfupi tu, yako mlangoni kwako. Mtaro ungeyabeba, lakini umezibwa na buveera. Tarehe 26 Machi 2025 jiji lilifurika hivyo na watu walikufa. Misimu ni miwili: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Usiku wa mvua hutapata nafasi ya kufikiri, basi fikiri leo, jua likiwaka.

Anza na karatasi. Godoro utanunua jingine, hata kwa taabu. Lakini ile karatasi ya ukimbizi ya familia, iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ikilowa utapanga foleni upya. Itie ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka, pamoja na kadi za kliniki za watoto na vyeti vya shule. Funga, tia kwenye mfuko wa pili, tundika msumarini, juu, karibu na mlango. Najua wengi tunaficha chini ya godoro kwa kuogopa wezi. Hapo ndipo maji yanafika kwanza! Tundika ndani ya koti, mwizi hataona. Kisha piga picha kila karatasi, umtumie ndugu aliye Nakivale au popote unapomwamini.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa mlango. Kama wako unafunguka kwa nje, maji yakijaa uani hutaweza kuusukuma, na dirisha lina nondo. Kwa hiyo toka maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mguu, usingoje kuokoa sufuria. Panga leo nani anambeba mtoto yupi, na bibi anashikwa na nani. Mwombe jirani aliye juu kidogo akupokee usiku, na namba ya mwenyekiti wa LC 1 uiweke kwenye simu. Polisi ni 999 au 112.

Umeme: ekstensheni isilale sakafuni. Zima swichi kuu mapema. Ukiwa umesimama majini usiiguse.

Njiani, usivuke mtaro. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanaweza kumwangusha mwanaume mwenye nguvu, na gizani huoni shimo liko wapi. Afadhali ulowe ukisubiri upande wako.

Maji yakishuka, usichote ya chemchemi ukanywa hivyo hivyo, hata yakionekana safi, kwani vyoo vya shimo vimemwagika humo. Chemsha mpaka yatokote, kipindupindu hakichagui. Uji uliobaki sakafuni, unga uliolowa, tupa.

Na karatasi ikilowa, usiisugue wala usiianike juani. Itandaze kivulini juu ya kitambaa kikavu. Ikipotea kabisa, nenda polisi uandikishe upotevu na uombe barua, kisha uende nayo kwenye ofisi ya wakimbizi, pamoja na ile picha iliyo kwenye simu ya ndugu yako.